Mrututu

Njoo, Vazha, iache simu dirishani.
Umemwoa binti yangu, umelioa na shamba:
safu arobaini na mbili za mizabibu
na ukungu unaoamka kabla ya jogoo.
Huku Kakheti wingu la Mei halina huruma.

Kopo ndilo hili. Fungua taratibu, usipulize.
Umeona? Watu husema buluu ya mbingu,
lakini mbingu haina kona.
Hii ina kona, ina makali,
kila punje imejichonga yenyewe.
Wenzenu wa kiwandani Rustavi
wana jina lake refu kama garimoshi,
sisi twaiita shabiamani, basi.
Ni chumvi, ndiyo, shaba iliyofungishwa ndoa na asidi,
lakini si ya kutia kwenye maharage,
ndiyo maana haikai jikoni
ingawa jikoni ndiko kukavu.

Mwalimu Lamara aliichoma punje kwenye kijiko
mwaka ule niliovunjika jino.
Maji yakaitoka, rangi ikafa,
ikabaki unga mweupe, ungedhani wa ngano.
Akadondosha tone moja tu.
Buluu ikarudi mbio.
Darasa likapiga makofi, mimi nikaogopa.

Vaa glavu. Zote mbili!
Macho hayana pazia, wamesema waliosema,
basi wewe yape kioo: miwani ile msumarini.
Na barakoa, maana vumbi lake
likiingia kifuani halibishi hodi.
Ukijikwaruza, maji mengi, kisha maji tena.
Usile kitu hapa. Hata hiyo mbegu ya alizeti.

Kilo moja kwa maji lita mia.
Ifunge kitambaani, ining'inize kwenye maji ya uvuguvugu,
itayeyuka yenyewe kama mtu anayekiri.
Ndoo ya plastiki! Ile ya bati ilitoboka:
mrututu hula chuma, kisha hukivisha shaba
ili ufikiri umepewa zawadi.
Chokaa iko kwenye pipa, nimeshaichuja.
Mimina buluu ndani ya nyeupe,
usije ukamimina nyeupe ndani ya buluu.
Usiniulize sababu, marehemu Anzori aliijua,
mimi najua tu kwamba ukigeuza
inaganda mabonge na bomba linaziba.

Sasa chovya kisu. Hesabu hadi sitini.
Toa.
Unaona wekundu kwenye ubao wake?
Bado ina njaa, itaunguza majani.
Ongeza chokaa. Chovya tena.
Kisu kikitoka jinsi kilivyoingia, tumepatana nayo.
Tupulize leo hii hii, kesho haitafaa.

Umeliona shati lile ukutani, lenye mgongo wa buluu?
La Anzori. Pampu ilivuja miaka kumi na moja
naye akiita kuvuja kule jasho.
Nimelifua kwa siki, kwa majivu, kwa hasira.

Jambo moja zaidi, halafu tuanze.
Kondoo wa Guliko walikuwa wakila nyasi
chini ya mizabibu yangu.
Nilipuliza, sikumwambia.
Nilipuliza tena, sikumwambia,
nikiona wazima, wananona, wanatafuna.
Kumbe shaba hujipanga kimyakimya ndani ya ini la kondoo,
wiki baada ya wiki, haidai kitu,
hadi asubuhi moja inadai chote.
Watatu. Macho yamekuwa manjano,
mkojo kama mvinyo wetu wenyewe.
Alikuja mlangoni bila kilemba,
akaniuliza umewapa nini.
Nikasema sijawapa kitu.
Na kweli sikuwapa.

Nilimpelekea mvinyo, mtungi mzima.
Aliupokea. Hajaufungua hadi leo.

Kwa hiyo ukimaliza hutaosha pampu mferejini,
vyura wana ngozi nyembamba kuliko yako.
Utafunga lango la chini kwa waya
na utakwenda kwa Guliko, wewe, kwa miguu yako,
umwambie tumepuliza leo.
Akikukaribisha, ingia.
Asipokukaribisha, mwambie ukiwa hapo hapo nje.

Haya, shika mti. Koroga.
Si hivyo. Kutoka chini.