Jino la Cae Meini

Lango limefungwa kwa kamba ya buluu,
ile ya kufungia majani makavu ya ng'ombe,
mafundo mawili; la pili shangazi analifungua kwa meno,
hayo aliyobakiwa nayo.

Tunakatiza konde. Rasharasha haijaamua
kama ni mvua au ni pumzi ya mlima.
Kondoo wanatukodolea macho
kama wenye nyumba wanaowaona wapangaji
wa miezi mitatu bila kodi.

Nilitarajia jengo. Ni mawe matatu yaliyosimama,
na la nne, pana kama meza ya arusi,
limeteleza, bega moja chini,
mithili ya mlevi aliyeshikwa kwapa na wenzake.
Mengine yalikwenda zamani:
moja ni ukuta wa zizi la nguruwe,
moja ni daraja la mfereji,
na moja, asema shangazi, tumelikanyaga leo asubuhi
tukitoka jikoni na viatu vya mpira.

Ndani pananuka sufu iliyolowa.
Mtu ameacha mshumaa katika kopo la dagaa.
Naingia kwa magoti;
kwa mlango huu hata mfalme angepiga magoti.

Shangazi Heulwen anaketi juu ya kofia yake,
anafungua mkate na jibini,
na mdomo ukiwa umejaa, ndipo anaponiambia.

Alikuwa na miaka sita. Jino lilining'inia kwa uzi wa nyama.
Baba yangu, Ithel, miaka tisa,
akaling'oa hapa hapa, kwa leso na ujeuri,
kisha akalisukuma kwenye ufa, kati ya jiwe na jiwe.
"La kutafunia," alisema,
maana mwalimu alikuwa amewaambia humu kuna watu.

Kiangazi kilichofuata wakaja wasomi kutoka mjini
na brashi, na vijiti, na chekeche, na birika la chai.
Wakachota vumbi kijiko kwa kijiko.
Wakahesabu mapaja, mbavu, fuvu lililopasuka:
watu kumi na wanne, labda kumi na watano,
na jino la utotoni la mtoto wa miaka sita hivi,
lililohifadhika vizuri ajabu.

"Vizuri ajabu," anarudia, makombo yakimruka.
Walikuwa wamelala kifudifudi nyuma ya ukuta, yeye na Baba,
wakiuma mikono ya sweta wasicheke.
Hawakusema. Si mwaka ule, si miaka hamsini na tisa baadaye.
Sasa liko ndani ya droo, lina namba kwa wino mweusi,
na yeye ni maiti wa miaka elfu tano
anayekula jibini.

Namwuliza: kweli?
Anafuta kisu kwenye suruali.

Baba hatukumzika. Alitaka moto, akapata moto,
na majivu tuliyamwaga mtoni siku ya upepo mbaya;
mengine yalirudi kwenye makoti yetu.
Hapana wa kumpigia brashi.
Hapana mfupa utakaompa mtu kazi
baada ya miaka elfu tano.
Nilidhani hilo halinisumbui.

Naupata ufa. Uko chini kuliko nilivyofikiri,
kimo cha mvulana aliyechuchumaa.
Kidole changu kinaingia hadi kiungo cha pili, kinakwama:
baridi, utando wa buibui, chembe ya mchanga.
Chake kilikuwa chembamba. Kilifika mbali.

Nje kondoo mmoja anakohoa kama binadamu.
Shangazi ameshasimama, anakung'uta kofia.
"Mafundo mawili," asema, "wana akili hawa."
Nafunga moja, nafika barabarani,
narudi kufunga la pili.