Uzi wa Saa Kumi na Moja Kasorobo

Jumanne usiku, nikiwa nimelala Dundee,
ghorofa ya pili, dirisha likichapwa na mvua ya ubavu
ambayo mimi huiona tu,
kampuni iliingia ndani ya saa yangu.
Haikubisha hodi.
Hodi yenyewe nisingeisikia, kweli,
lakini adabu ni adabu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu alikuja kwa jina la sasisho,
akabadilisha rangi ya tarakimu,
akaniwekea picha ya jua linalocheka,
na alipoondoka mtetemo ulikuwa umekufa.

Mtetemo ndio niliounulia.
Masikio yangu yalifunga duka nikiwa darasa la tano, Korogwe:
homa ya wiki tatu, kisha kimya.
Saa hii ilikuwa ikinigusa kifundo cha mkono
kama mama anayekuamsha
asitake kumwamsha mtoto wa pili,
nami nashuka kilima cha Hilltown gizani
kwenda kuumua unga wa watu wengine.

Jumatano niliamka jua liko mezani.
Bwana Rennie wa tanuri hakufoka.
Alinyoosha kidole kwenye rafu tupu.
Hilo nililielewa bila mkalimani.

Nikaandika. Jina langu ni Semeni;
kusema sijashindwa.
Wakajibu: Mpendwa Semeni, pole kwa usumbufu,
tafadhali tupigie simu.
Nikaandika: Sisikii.
Wakajibu: Tunaelewa kabisa.
Laini zetu ziko wazi hadi saa mbili usiku.

Nikaizima, nikaiwasha.
Nikaifuta yote, ikasahau hatua zangu,
maelfu kwa maelfu ya kilima kile.
Nikabonyeza vitufe viwili kwa sekunde kumi,
nusura niielekeze kibla.
Duka likanituma kwa mtengenezaji,
mtengenezaji akanirudisha dukani.
Barua ya sita ilisema saa haina hitilafu:
inaonyesha wakati sahihi.
Ni kweli. Ilinionyesha, kwa dakika,
jinsi nilivyochelewa.

Subira yavuta heri, walisema wahenga.
Hawakuwa na mikate ya kuingiza tanuri alfajiri.

Ndipo Petrie wa chini, anayemtoa mbwa kabla ya mapambazuko,
akaniandikia nyuma ya bahasha ya bili ya gesi:
Una uzi?
Ninao, wa kufungia maboksi ya keki.
Ncha moja mkononi pangu,
ncha nyingine ikapita tundu la barua,
ikashuka ngazi, ikapinda, ikafika kwake.
Saa kumi na moja kasorobo
mzee na mbwa wake wananivuta kama kengele.
Uzi haujawahi kuomba kusasishwa.
Mara moja tu ulinasa kwenye baiskeli ya jirani,
nikaota ninanyang'anywa mkono.

Barua ya tisa sikuiandika kwa hasira.
Niliambatisha picha: mkono, uzi, mlango,
na swali moja:
Ankara ya huyu mzee niilete kwa nani?
Akajibu mtu. Mara hii mtu,
Morwenna, mistari miwili,
bila kunithamini wala kunielewa kabisa:
Mama yangu pia hasikii.
Tuma saa kwa jina langu.

Siku kumi na tisa.
Kisanduku kikarudi, saa ni ileile,
mkwaruzo wa trei ya mikate ungalipo.
Nikaivaa, nikalala nusunusu
kama anayesubiri hodi.
Ikatetema. Nikaifunika kwa kiganja,
kifaranga kimetoka yaini.
Kiooni pakaandikwa:
Sasisho jipya liko tayari. Lisakinishwe usiku huu?

Kidole bado kiko hewani,
uzi ukavuta mkono wa pili.
Petrie sijamwambia kwamba imepona.