Nusu Tangi

Tangi lililojaa halina maneno.
Tupu nalo huvuma tu, kama debe,
likafika salama.
La nusu ndilo linalomnyima Boróka usingizi:
maji yenye nafasi ya kwenda upande,
yakarudi yamechelewa,
yakakuta gari limeshakata kona.

Ndivyo alivyopinduka baba yake, Ambrus,
nje kidogo ya Győr, Novemba, lami kavu,
kilomita arobaini na mbili kwa saa,
lita elfu sita za maziwa katika tangi la elfu kumi na mbili.
Polisi waliandika: mwendo wa kasi.
Alikuwa na miaka kumi na mitano.
Akaisoma karatasi ile mezani, kando ya bakuli la supu,
akajua ni uongo
ila hakuwa na hesabu ya kuukanusha.

Sasa anayo, kurasa mia mbili na kumi.
Ana na kitanda cha chuma kiinamacho kwa nyuzi,
juu yake tangi la kioo lenye ukubwa wa jeneza la mtoto
(heri asingelifananisha hivyo, lakini ndivyo lilivyo),
maji ameyatia zambarau ili kamera iyaone.
Huliinamisha. Huyaacha yaende.
Huhesabu yanavyochelewa.

Wiki ya tatu, mstari kwenye skrini
ukaanza kutetemeka pale ulipopaswa kunyooka.
Akabadili nyaya, akabadili vitambuzi,
akalaumu panya, akalaumu umeme.
Saa nne usiku akaweka sikio ukutani:
hakusikia kitu,
ila meno yake yalisikia.

Upande wa pili alikuwako Csongor,
mkemia mwenye miwani iliyogangwa kwa plasta,
akiitesa ndoo ya maji machafu ya kiwanda cha nguo
kwa sauti iliyopita masikio ya binadamu.
"Tazama," akamwambia, bila kuuliza yeye ni nani.
Viputo, vidogo kuliko ncha ya sindano,
huvimba, huvimba, kisha hujibomokea ndani,
na katika kufa kwake kila kimoja
kwa muda usiostahili kuitwa muda
huwaka kama uso wa jua.
Rangi hukatikia humo.
Buluu ya jinzi ikaondoka mbele ya macho yao
kama mgeni anayetoka sherehe bila kuaga.

"Unaniharibia vipimo," akasema Boróka.
Wakagawana saa kama wapangaji wanaogawana bafu:
mchana wake, usiku wa Csongor,
ratiba mlangoni, imebandikwa kwa plasta ileile.

Mwezi Machi, Ambrus akakubali kuja.
Miaka kumi na tisa hakutaka kusikia habari za tangi.
Alisimama amevaa koti, fimbo mkononi,
maji ya zambarau yakaenda, yakachelewa, yakarudi.
Mkono wake mtupu ukakunja hewani,
ukishika usukani.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo.
Kitu kilinisukuma bega kutoka nyuma.
Niligeuka, nikidhani kuna mtu."

Boróka akatafuta safu ya kuandika hilo.
Ukutani, nusu saa kabla ya zamu yake,
Csongor akawasha mtambo, na uso wa maji
ukasisimka kama ngozi.
Mzee akashika taya.
"Nani huyo?" akauliza.