Kokwa za Bi Shinuna

Fomu ya ridhaa ina kurasa kumi na nne.
Bi Shinuna aliifunga kwenye ya kwanza.
"Nisomee," akasema, "kwa lugha ninayougulia."

Basi nikaanza, chumba namba sita, Al-Khudh,
kiyoyozi kikikoroma, nje digrii arubaini na sita,
kuyatafutia Kiswahili mambo ambayo mama yangu
alinifunza kuyanong'ona mlango ukishafungwa:
utumbo mpana, kamasi, damu, mara ngapi kwa siku.
Nikakwama. Kinga ya mwili, nikaeleza,
imeiona nyama yake yenyewe, ikadhani adui...
"Kikulacho," akanikata, "ki utumboni mwako.
Endelea."

Ukurasa wa tisa. Hapa wengi hurudisha kalamu.
Chupa mbili, pacha: moja dawa, moja maji ya chumvi.
Mimi sijui ipi ni ipi. Dokta Azzan hajui.
Dokta Idris wa Doha hajui, wala Dokta Dalal,
aliyeko Kuwait, anayetuhesabia hesabu zote.
Inajua kompyuta. Anajua Binoy, mfamasia,
na Binoy hasemi hata kwa mkewe.

"Kitendawili," akasema, "na aliyetega hajui jibu?"
Ndiyo, Bi.
"Huenda nikatiwa maji ya bahari miezi tisa?"
Huenda.
Akacheka, akashika tumbo, akaenda msalani.
Aliporudi alitia sahihi akiwa amesimama.

Tulimpa daftari. Kila aendapo, aweke alama.
Wiki mbili baadaye akaja na vifundo kumi na vinne
vya kitambaa cha leso, kila siku na kifundo chake,
ndani yake kokwa za tende.
"Mistari yenu saa tisa usiku siioni.
Kokwa naishika gizani."

Alhamisi, kwenye skrini, tukagombana.
Dalal: "Jedwali langu halina safu ya kokwa."
Idris: "Daftari za wagonjwa wangu hujazwa kwenye lifti,
asubuhi ya miadi, mwezi mzima kwa kalamu moja.
Mimi naiamini kokwa."
Picha ya Kuwait ikaganda, mdomo wa Dalal wazi.
Ilipoamka alikuwa amekwisha kuongeza safu.

Sharti: wahesabu wawili, kila mmoja peke yake.
Nikahesabu mimi, akahesabu Thuweiba wa maabara.
Binoy hakuruhusiwa hata kuzigusa,
kwa sababu anajua.
Tisa. Tisa. Kumi na moja.
Wiki ya sita, saba. Wiki ya kumi na mbili, nne.
Halafu tatu, tatu, tatu,
na vifundo vikawa vyepesi hata nikavitikisa
kuhakikisha kuna kitu.
Nilijikataza kufurahi. Furaha nayo
huingia kwenye hesabu bila kubisha hodi.

Machi, kufuli ikafunguliwa.
Dalal alisoma polepole, kama asomaye majina ya waliofaulu:
waliopewa dawa, arubaini na watatu katika kila mia
matumbo yao yametulia.
Waliopewa maji, kumi na tisa.
Idris akavua miwani, akajifunika uso kwa viganja.
Azzan akasema alhamdulillahi, mara moja tu, kwa sauti ndogo.
Mimi nilikuwa natafuta mstari mmoja.
Nikauona.
Maji.

Nilimpigia mwenyewe.
"Maji?"
Maji, Bi.
"Miezi yote tisa?"
Tisa.
Kimya. Upande wake mtu alikuwa anasaga kahawa.
"Basi tumbo langu nalo jinga, limehadaika."
Halijahadaika peke yake, nikataka kusema, nikameza.
"Sasa mnanipa ile ya kweli?"
Jumanne, saa mbili asubuhi.
"Na kokwa zangu?"
Zipo kabatini. Kanuni inasema zikae
chini ya kufuli miaka kumi na tano.
"Kumi na tano!" akapiga kelele.
"Na mbuzi wa dada yangu Ibra wale nini?"