Makadirio ya Ayikoru

Nimeyaandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
kwa kalamu isiyoandika mpaka uikaripie.
Soma polepole, Ayikoru.

Kumwaga maji na oili, kung'oa rejeta: saa moja.
Manifoldi, mabomba, injekta nne: saa mbili,
na hapo naomba kutu iwe imetuonea huruma.
Kifuniko cha vali na roka zake: saa moja.
Bolti za kichwa: saa moja. Hazilegezwi ovyo.
Unaanza kingoni, unakuja katikati, kidogo kidogo,
kama mtu anayeaga msibani.
Kukwangua gasketi iliyoungua: saa moja na nusu,
na Ezati asinisemeshe.
Kurudisha kila kitu mahali pake,
kukaza kwa awamu tatu, kwa mkazo wa kitabu: saa nne.
Jumla, saa kumi na nusu.

Unaniambia Ondoga wa pale kituo cha mafuta
anamaliza kwa saa sita.
Anamaliza, kweli.
Mimi huwa naanza pale alipomalizia.

Sasa fedha.
Kichwa kipya hapa Arua sijakiona.
Cha mtumba, kutoka Kisenyi: milioni moja na laki nane.
Kitakuja usiku chini ya kiti cha basi,
kimefungwa gunia, kimelipiwa nauli
kama abiria mwingine: elfu thelathini.
Gasketi: laki moja na themanini.
Oili, filta, maji ya rejeta: laki moja na arobaini.
Ufundi, elfu arobaini kwa saa:
laki nne na ishirini.
Ukijumlisha, na nimejumlisha mara mbili,
milioni mbili, laki tano na elfu sabini.

Ukasema: hicho cha zamani kichomelewe tu.

Nikakipaka mafuta ya taa, nikakifuta kikakauka,
nikakipaka chaki.
Tukachutama mimi na wewe, gauni lako likigusa grisi.
Ufa ukajichora wenyewe kwenye weupe,
kati ya vali mbili za silinda ya tatu,
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.
Hukusema kitu.

Kisha ukauliza jambo ambalo wateja hawaniulizi:
"Kupasuka kwenyewe kulichukua muda gani?"

Hata hilo nakadiria.
Kutoka Panyimur, ule mpando wa kwenda Nebbi,
Kanta imebeba sangara hadi kwenye kingo,
sindano imeshafika kwenye nyekundu na kulala huko.
Dakika ishirini na tano. Tuseme nusu saa.

"Dereva alinipigia," ukasema.
"Nikamwambia asisimame, barafu inayeyuka."

Sikuiandika hiyo.
Karatasi ya makadirio haina mstari wake.

Jumanne, bolti ya saba ilikatika ndani ya bloku.
Chuma kilibaki shimoni kama jino bovu.
Nikatoboa kwa keekee ndogo, nikapiga patasi,
nikaipasha moto, nikaiacha ipoe, nikaibembeleza,
nikaitukana kwa Kilugbara na kwa Kinubi,
mpaka adhana ya magharibi
na Ezati ananimulikia kwa simu yenye chaji asilimia nne.
Ikatoka.

Saa tatu hizo sikuziandika pia.
Bolti ikikatika mikononi mwangu, nasema ni yangu,
ingawa ilianza kufa miaka kumi kabla sijaiona.

Asubuhi ulikuja na chai ya tangawizi,
ukaichukua kalenda, ukaikaripia kalamu,
ukaandika chini kabisa, kwa herufi zako za kulala upande:
*Bolti iliyokatika, saa tatu.
Nilikuwa nimekaa kwenye tairi, nilihesabu.*

Ukanirudishia karatasi.
Ukamimina chai, ukafunga chupa.
"Haya, fundi," ukasema.
"Sasa tuanze kuelewana bei."