Mbona Mikono Tu

Kijana wa jumba la sanaa ameniuliza, kalamu mkononi,
mtindo wangu niliutoa wapi.
Nilitaka kumjibu kwa heshima,
nikapiga chafya.

Andika Tanga, nikamwambia, studio ya mjomba Shekiondo,
pazia lililochorwa maporomoko na ndege ya abiria,
na mimi wa miaka tisa nimechuchumaa pembeni,
nimeshika kipande cha bati kilichosuguliwa kwa majivu,
nikiwarudishia watu jua usoni.
Bati liliunguza. Kuinuka sikuruhusiwa.
Kwa hiyo wateja niliwajua kwa magoti na vidole:
bwana harusi anayesumbua kifungo kimoja,
mama aliyeficha kwenye pindo la khanga
kiganja kilicholiwa na mashine ya katani.
Nyuso zilikuwa kazi ya mjomba.

La pili ni ufukara, na usiupambe.
Kamera yangu ya kwanza hapa Dundee
niliipata duka la hisani, mtaa wa Lochee, pauni kumi na mbili,
lenzi imeganda, haiendi mbele wala nyuma.
Ukitaka kitu kiwe kikubwa, jongea wewe.
Nikajongea. Nikajongea hadi watu wakanusa
vitunguu vya chakula changu cha mchana.
Wakosoaji husema: ukaribu.
Mimi nasema: lenzi mbovu.

Na jua la huku! Desemba
hupita ubavuni mwa kilima cha Law
kama mdeni anayepita mbele ya duka.
Usiku nilipiga deki wodini, mchana nililala,
nikiamka zimebaki dakika arobaini za mwanga,
mwanga wa chini, wa vumbi, unaofika mezani tu.
Usiniulize kwa nini picha zangu zina giza juu.
Juu sikuwahi kupaona.

Miaka mitatu niliiga. Andika na hilo.
Niliacha mbachao, nikafuata kalenda za posta:
ngome, ukungu, kondoo.
Kondoo walitoka vizuri.
Lakini picha zile hata zingepotea basini
nisingerudi kuziulizia.

Halafu Ishbel Geddes wa ghorofa ya chini,
miaka themanini na moja,
akanigongea nimfungulie chupa ya bitiruti.
Alifuma magunia kiwandani tangu hajavunja ungo vizuri;
mashine zilinguruma hata mtu hasikii jina lake,
wasichana wakasemezana kwa vidole.
Akanionyesha: hivi, msimamizi anakuja.
Hivi, fulani kaachwa.
Mji wangu mkonge, mji wake juti;
tukatazamana kama watu waliofungwa mzigo kwa kamba moja.
Nikamaliza filamu nzima palepale,
meza, maji mekundu ya bitiruti, vidole.

Nilipompelekea akazipanga kama karata.
Mbona mikono tu? Uso wangu una kasoro gani?
Nikasema: uso wako umeshajua kupigwa picha.
Akanijibu kwa vidole, haraka,
nami nikabonyeza, ilikuwa imebaki moja.
Nikamwomba anifasirie. Akasema, kesho.
Ilikuwa Februari. Machi tukamzika, mvua ya barafu,
na mchungaji aliyemtaja jina mara mbili kimakosa.

Kijana ameacha kuandika.
Anataka neno moja, la kubandika ukutani.
Neno sina. Nina hiyo picha:
kidole cha shahada kimempanda mwenzake,
gumba limejikunja ndani,
mwanga umekomea kwenye kifundo.
Nimewaonyesha vikongwe watatu waliofuma kiwanda kilekile.
Wa kwanza kasoma: njaa.
Wa pili: funga mlango.
Wa tatu alicheka mpaka akatafuta leso,
akanitazama kutoka miguuni kwenda juu,
akakataa kabisa kuniambia.