Mizani ya Vifurushi

Kituo kilikuwa kidogo, nyuma ya vilima vya Pugu:
chumba kimoja, benchi moja, kengele ya kipande cha reli.
Treni ya mizigo ilisimama dakika nne,
tano, kama mihogo ya Bi Mwanahawa haijafungwa.

Masta alikuwa Lugembe, mtu wa Uyui,
kofia ilimzidi kichwa.
Zahanati ilikuwa mbali, basi kila Jumatano
akina mama walileta watoto kwenye mizani ya vifurushi,
naye akaandika katika daftari la Shirika:
"Mtoto wa Chausiku. Kilo sita na robo. Nauli: hakuna."

Mtoto huyo ni mimi.

Siku kituo kilipofungwa hapakuwa na hotuba.
Alikuja kijana na barua na kufuli.
Lugembe akauliza, kufuli la mlango upi?
Mmoja ulikwishaliwa na mchwa.
Akakunja bendera, ya kijani ndani ya nyekundu,
akagonga kengele mara mbili
kana kwamba kuna kitu kinakuja.

Sasa treni ya umeme hupita kule juu, darajani,
haina habari.
Mbuzi hulala penye dirisha la tiketi.
Mataruma ya chuma yaliondoka usiku, moja moja.

Mizani niliikuta Buguruni, kwa mtu wa vyuma chakavu.
Nikamwambia: mimi nilipimwa juu ya hii.
Akacheka,
akaipandisha kwenye mizani yake, akasoma:
arobaini na mbili.

Akauliza kama naichukua.